Ugomvi Uliotiwa Chupani

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki kwamba haya ni kweli tupu. Sijatia chumvi, sijatia maji. Mtu akikusimulia kwa namna nyingine, mwulize alikuwa amekunywa nini.

Siku Mtaalamu alipoingia baa ya Mama Pipa, hakukaa. Alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyekuja kukagua nyumba ya marehemu, akaomba glasi ndogo. Mama Pipa akamchotea bia yake, ile ya mtama, ya kahawia, nzito kidogo, yenye uchachu wa kukunja shavu moja na kuliacha la pili. Mtaalamu akaizungusha glasi. Akaingiza pua. Akaiinua kuelekea dirishani na kuitazama kama daktari anavyotazama picha ya mbavu. Kisha akapiga funda moja, akasukutua, akatoka mlangoni na kulitema mchangani.

Mama Pipa amepika bia tangu mgongo wake ulipokuwa umenyooka. Watu kuitapika bia yake ameona, na hakuna aliyelaumiwa, maana tumbo lina mipaka. Ila bia kutemwa kabla haijafika kooni, tena mbele ya wateja, hilo lilikuwa geni kwake. Alikamata ukingo wa meza, akasubiri kusikia kulikoni.

Mtaalamu alirudi akifuta midomo kwa leso. Yeye ndiye mwenye baa mpya ng'ambo ya barabara, ile yenye taa zinazoning'inia kwa kamba na ubao mweusi ulioandikwa majina ya bia kwa chaki. Alisema bia hii ina ukale mzuri. Alisema angeichukua yote, kila wiki, aitie pasheni na vanila kidogo, na kwenye ubao aiandike Bia ya Bibi. Mama mwenyewe angesimama mlangoni Ijumaa jioni, kitambaa kichwani, mwiko mkononi, watu wapige naye picha.

Mama Pipa akamwuliza kama mwiko angepewa au aje na wake. Kejeli ile ilimpita kijana juu ya kichwa. Akajibu kwa furaha kwamba angenunuliwa mpya.

"Mwanangu," Mama Pipa akamwambia, "bia yangu haina haja ya kuvalishwa. Ukitaka juisi, sokoni imejaa. Ukitaka sanamu, waone wachongaji."

Mtaalamu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaacha glasi ikiwa karibu imejaa, akavuka barabara. Hakwenda kwake. Alikwenda kwa mwenye nyumba, maana majengo yote mawili ni ya mtu mmoja, kumwambia kwamba anahitaji stoo ya mapipa yake, na chumba cha yule mama kingemfaa sana.

Mwenye nyumba alifika kesho yake. Ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, anayependa kutoa habari mbaya akiwa ameegemea kitu. Aliegemea mlango. Akatazama viti, navyo viti vikamtazama, maana havikuwa na mtu. Zamani, saa kama ile, ungepata nafasi ya mguu mmoja tu mle ndani. Sasa wateja walikuwa ng'ambo, wakinywa vitu vyenye rangi ya machweo kwenye glasi zenye shingo. Aliyebaki alikuwa fundi viatu, na hata yeye alibaki kwa sababu miguu yake ilishazoea njia. Tena juzi yake alikuwa amevuka kwenda kuonja, akarudi akisema ile ya kule ina harufu ya msitu baada ya mvua.

"Ulikunywa au ulikwenda kutembea?" Mama Pipa alimwuliza.

Fundi akakiri kwamba hakuwa na hakika.

Mwenye nyumba hakuzungumzia kodi, kwa kuwa kodi ililipwa. Alisema nyumba inataka uhai. Baa isiyo na watu inaharibu sura ya jengo, kama jino bovu la mbele.

"Jumamosi jioni nitapita, mama. Nikikuta watu, basi, tumemaliza. Nikikuta viti, Jumatatu utoe vyombo."

"Na kitanda?" Mama Pipa akauliza, kwa sababu nyuma ya baa ile, baada ya pazia, ndiko wanakolala yeye na mumewe.

Mwenye nyumba akaacha kuegemea mlango. Akasema kitanda nacho ni chombo.

*

Mumewe huitwa Kizibo. Alifanya kazi kiwanda kikubwa cha bia, kwenye mashine ya kufunika chupa, mpaka walipomstaafisha na kumpa saa ya ukutani ambayo haijawahi kutembea. Mtu huyu aliamini jambo moja tu duniani: bia ni ile unayoweza kusomea gazeti ukilitazama kupitia glasi. Ya dhahabu, baridi, angavu, yenye povu la vidole viwili. Kila kitu kingine kwake kilikuwa uji uliochelewa.

Jioni ile walikaa uani, kando ya jiko la kupikia bia, wakaijadili Jumamosi. Binti yao alikuwepo, amerudi kazini, na kazi yake, aibu juu ya aibu, ilikuwa kuhudumia meza kwa Mtaalamu. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akijikanda visigino.

Kizibo akasema dawa ipo. Mtama upunguzwe, bia ichujwe mara ya pili na ya tatu, itiwe chupani, ing'ae. Watu wamechoka na vituko vya ng'ambo, wanataka bia ya kiume iliyonyooka.

"Baba, mwangaza hauuziki tena," binti akasema. "Sasa hivi wanataka iliyo kama maji ya kuoshea mchele. Kabla ya hapo walitaka nyeusi, eti kahawa. Kabla yake walitaka chungu ya kutoa machozi, na waliilipia huku wanalia. Wiki hii wanaulizia chachu."

"Chachu?" Mama Pipa akainua kichwa. "Mimi nimekuwa chachu miaka yote hii, nani ameniulizia?"

"Yako imelala, mama. Haina gesi. Wanataka iwachome pua."

Ndipo wakakubaliana nusu. Bia itiwe chupani, maana bia ya chupa iliyofungwa vizuri hupata gesi yake yenyewe. Lakini rangi ibaki ya kahawia, na mtama ubaki ule ule. Kizibo hakuridhika na nusu. Alisukuma, akasukuma, akisema mawingu yale yanaitia aibu chupa, mpaka likamtoka neno alilokuwa amelikalia miaka mingi.

"Bia yako ni ya vikongwe, mama watoto. Ndiyo maana yule kijana aliitema."

Binti akaacha kujikanda visigino. Neno likishatoka halirudi, hata ulipigie mbinja. Mama Pipa alifunika pipa, akajifuta mikono, akasema, akimtazama binti, "Mwambie baba yako akioga asimalize maji."

Toka hapo hawakusemezana. Walifanya kazi bega kwa bega katika ua wenye upana wa mikeka miwili, na kila neno likapita kwa binti kama barua iliyopotea njia. Mwambie baba yako moto unafifia. Mwambie mama yako nimeuona. Binti alipokuwa kazini, walimtumia paka.

*

Lazima nieleze sasa jinsi nyumba ile inavyotia bia chupani, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Gesi ya chupani huletwa na sukari. Bia ikishatulia, inaongezwa sukari kidogo, hamira iliyobaki ndani yake inapata chakula, inapumua, na kwa kuwa kizibo kimebana, pumzi hiyo haina pa kwenda. Ukikosa sukari, bia inabaki imelala. Ukizidisha, unatengeneza kitu kingine kabisa. Sasa wawili hawa, kila mteja alipoagiza ya chupa, hawakuwa na zamu. Aliyewahi ndiye aliyetia. Kisha Kizibo, kabla ya kubana kizibo cha kwanza, huuliza kwa sauti, "Sukari?" Na Mama Pipa hujibu, "Imo." Basi. Maneno mawili, tangu siku waliyooana, na hapajaharibika hata chupa moja.

Safari hii hakuna aliyeuliza. Ungemtuma paka?

Mama Pipa aliamka mapema siku ile ya kujaza, akamtazama mumewe amelala kifudifudi, mdomo wazi. Akawaza moyoni: huyu kwa hasira zake atasahau sukari, bia itoke imelala, na mbele za watu aonekane hajui kazi aliyoifanya maisha yake yote. Hata kama amenitukana, aibu hiyo simtakii. Akaenda uani, akayeyusha sukari, akaimimina kwenye pipa, akakoroga taratibu.

Alipokwenda sokoni, Kizibo akaosha chupa. Naye akawaza: huyu mama kwa kinyongo alichonacho atakuwa amesahau sukari. Bia itakosa gesi, watamcheka, waseme kijana alikuwa na haki kutema. Nimekosea kusema lile neno, lakini achekwe na wengine, hapana. Akachukua kijiko, akatia sukari kwenye kila chupa, moja baada ya nyingine.

Mama Pipa akarudi. Wakajaza, wakabana, wakapanga kreti kwenye chumba cha nyuma ambacho joto la bati hukigeuza tanuri. Kila mmoja alijiona mwema, na kila mmoja akanyamaza.

*

Jumamosi ilipofika, Mama Pipa alifagia mara mbili na kupanga viti. Alivaa gauni lake la samawati. Hakuwa ameandaa hotuba. Alikuwa ameamua tu kwamba kama ni kutoka, hatatoka kwa kutembea. Watakibeba kitanda yeye akiwa amekikalia.

Fundi viatu alikuja mapema, akakaa pembeni mwa dirisha. Hakuja mwingine. Kutoka ng'ambo vilisikika vicheko na muziki wa taratibu. Kizibo alijifanya ana kazi uani.

Mwenye nyumba alipotokea, hakuwa peke yake. Mtaalamu alikuwa nyuma yake na utepe wa kupimia. Hakusalimia. Aliupachika utepe kwenye pembe ya ukuta, akauvuta kupita kati ya meza, na alipofika alipoketi fundi viatu akamwomba asogeze mguu. Fundi, mtu mpole, akausogeza. Mama Pipa aliona mguu ule ukisogea, akahisi kama wake ndio umesogezwa. Mtaalamu akamwita mwenye nyumba waone pale pazia lilipo, kwamba likiondolewa, mapipa yangeingia mawili zaidi.

"Hapo ni kitandani kwangu," Mama Pipa akasema.

"Naona, mama," akajibu Mtaalamu, na utepe ukapita chini ya pazia.

Mwenye nyumba akakohoa. Akaanza kusema kwamba yeye si mtu mbaya, ila macho yake yanaona viti. Hakumaliza. Chumba cha nyuma kilitoa mlio.

Ulikuwa mlio mmoja, mkavu, kama mlango uliobamizwa na mtu mwenye deni la maneno. Utepe ukamponyoka Mtaalamu, ukarudi nyumbani kwake kwa kasi na kumchapa kidole. Kisha ukaja mlio wa pili, wa tatu, halafu ikawa kama mahindi kwenye kikaango. Povu la kahawia likatambaa chini ya pazia, likavifikia viatu vya mwenye nyumba, likavizunguka kwa heshima zote.

Kizibo akaingia mbio. Alisimama mbele ya mkewe, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu lile neno.

"Sukari?" akauliza.

"Nilitia kwenye pipa."

Kizibo akafumba macho. "Na mimi nikatia kwenye chupa."

Chupa nyingine ikalia. Mama Pipa alitaka kuuliza kwa nini, na midomo ilikuwa imeshafunguka, lakini alimwona mumewe anavyotazama sakafu, akajua kwa nini, kwa kuwa sababu yake ilikuwa hiyo hiyo. Kicheko kikampanda kutoka kwenye magoti. Akajaribu kukizuia kwa mkono. Kizibo naye mabega yakaanza kutikisika. Walicheka huku nyumba yao ikilipuka, na mwenye nyumba akiwa amepanda juu ya kiti.

Watu wakaja. Walidhani ni tairi, wengine walidhani ni waya za umeme, na waliokuja mbele kabisa walikuwa wateja wa ng'ambo, glasi zao zenye shingo bado mkononi. Binti alikuwa miongoni mwao, sinia kichwani kama kofia ya chuma. Walijazana mlangoni, wakaona povu, wakasikia harufu ya mtama, wakauliza kama inanyweka.

Mama Pipa akatazama mlango uliojaa watu, akatazama mumewe.

"Zilizobaki zitoe," akasema. "Jifunge blanketi."

Kizibo alijifunga blanketi kifuani, akashika mfuniko wa sufuria kubwa kama ngao, akaingia. Alitoa chupa moja moja, kila moja imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga, akazifungulia uani ndani ya beseni. Bia iliruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Binti alikinga kwa jagi, Mama Pipa akachuja kwa kitambaa safi mara mbili asije mtu akameza kigae, akamimina. Viti vikajaa. Waliokosa viti wakakalia kreti, na waliokosa kreti wakakaa kizingitini.

Kila mtu alikuwa na maoni. Mmoja alisema ina ukali wa limau. Mwingine alisema mtindo huu ameuona mbali sana na huku hautafika kabla ya mwaka kwisha. Fundi viatu alisema inauma kama msumari uliosahaulika ndani ya kiatu, na akaomba nyingine.

Mtaalamu alipewa glasi. Aliizungusha, akainusa, akapiga funda. Watu walimtazama koo. Akameza. Akapiga la pili. Akamvuta Mama Pipa kando, akasema kwa sauti ya chini kwamba hii, hii hasa, anaitaka. Asitie tunda lolote. Asivae kitambaa. Amwonyeshe tu inavyopikwa, ataje bei.

"Haionyesheki," Mama Pipa akasema, wala hakupunguza sauti. "Hii si mtindo, mwanangu. Hii ni ugomvi wa mke na mume. Ukitaka kuipika, kaoe kwanza, uishi na mtu mpaka mzeeke, kisha akutukane, na wewe bado usimtakie aibu."

Uani watu walipiga kelele. Mtaalamu akasema anaongea biashara. Akasema mtu asiyebadilika anaachwa na wakati.

"Wakati huo si ndio unaoniacha kila mwaka kwa njia tofauti? Ulianza na chungu, ukaja na nyeusi, sasa umefika kwenye chachu. Mimi nimesimama hapa hapa. Zunguka tu, utanikuta."

Kisha akamgeukia mwenye nyumba, aliyekuwa ameshuka kwenye kiti na kuanza kusema kuhusu sakafu, kuhusu bati, na kwamba alisema watu, hakusema vurugu.

"Ulisema ukikuta watu, tumemaliza. Hukusema wawe wamekaaje. Hawa ni nini, baba? Mbuzi?"

Mwenye nyumba akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kuegemea. Kila ukuta ulikuwa na mtu. Mzee mmoja akasema neno la mwanamume ni moja. Binti akamletea kiti, na kwa kuwa alikuwa amevua aproni ya ng'ambo na kuifutia povu sakafuni, Mtaalamu alielewa bila kuambiwa. Mwenye nyumba akakaa. Akapewa glasi. Alipomaliza akauliza, kwa ile sauti yake nyembamba, kama ipo nyingine.

"Ipo," Mama Pipa akasema. "Na unalipa kama watu."

Wiki iliyofuata Mama Pipa alirudi kuchota bia yake ile ile kwenye pipa, tulivu, isiyo na kishindo. Waliofuata mlipuko hawakurudi wote, na hakuwafuata. Aliyetaka mabomu, alisema, aende jeshini. Lakini wengi wa zamani walirudi, mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa safarini. Kitanda bado kiko nyuma ya pazia.

Na kizibo kimoja siku ile, sijasema hili, kilipaa juu ya bati, kikazunguka nguzo ya umeme, kikashuka na kutua kwenye glasi ya mwenye nyumba, akakimeza na kusema barafu yenu ngumu.

Nilipofika hapo katika kusimulia, Mama Pipa akaacha kufuta meza na kuniuliza siku hiyo mimi nilikuwa nimekaa wapi.

Nikaonyesha pembeni mwa dirisha. Fundi viatu, bila kuinua macho kwenye glasi yake, akasema pale alikaa yeye, na kiti cha pili kilibeba kofia yake.

"Babu," binti akasema akiwa kaunta, "si mimi niliyekuhudumia kule ng'ambo siku ile? Uliagiza ya pasheni. Mlipuko ulipoanza watu wote wakakimbia, wewe ukabaki unamalizia za wenzako."

Nikasema huenda ni mtu aliyefanana nami.

"Mwenye fimbo hiyo?" Kizibo akauliza.

Watu walishaanza kugeuza viti kunielekea. Baa nzima ilinyamaza, na mimi nina umri wa kujua kimya kinapoomba kitu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikasema kila mtu aletewe moja. Fundi viatu akasema ya kwake iletwe kwenye jagi.